Picha za Maji Matupu: Namna ya Kuzisoma, Kuzitunza na Kuzifikisha Makumbusho

Baba mkubwa alipofariki, kopo la biskuti alimokuwa akiweka picha lilipita mikononi mwa watu sita kabla ya kunifikia. Kila aliyelishika alichomoa picha zenye watu: ya harusi, ya mtoto katika kanzu ya Idi, ya marehemu mwenyewe amesimama kando ya baiskeli. Zilizobaki zilikuwa sitini na moja, na karibu zote ni za bahari. Jahazi limepwelewa. Meli imetia nanga katikati ya maji, matishari, vyombo bapa vya kupakulia mizigo, yameizunguka kama vifaranga. Ufukwe wenye mivinje bila mtu hata mmoja. Binamu yangu akaniambia, "Hizo tupa tu, hamna mtu humo."

Marehemu alikuwa karani bandarini Dar es Salaam, akihesabu magunia yanaposhuka kutoka melini. Kamera ilikuwa starehe yake tu. Alikuwa mpiga picha wa ridhaa, kama tunavyosema kwenye mpira. Ndiyo maana picha zake zina kitu ambacho za wenye studio hazina. Mpiga picha wa biashara alisimama pale ambapo kadi ya posta ingeuzika: Kivukoni, mnara wa kanisa, minazi. Karani alipiga alichokiona akiwa kazini, saa ile aliyokuwa pale.

Mwongozo huu ni kwa mwenye kopo kama hilo nyumbani, na kwa kijana anayejitolea makumbusho akawekewa mezani boksi la picha za pwani zisizo na maelezo. Kazi ni ileile.

Kwanza, mikono na meza

Nawa mikono, ikauke kabisa. Glavu za pamba si lazima kwa picha za karatasi, tena hukupunguzia hisia ya vidole ukajikuta unakunja kona. Kwa negativu, yaani filamu zilizotoka kwenye kamera, na zile za kioo, vaa glavu, maana alama ya kidole chenye jasho la Dar haitoki. Tandika shuka safi jeupe mezani, zima feni, na chai ikae chumba kingine.

Usipange picha kwa uzuri wala kwa mada. Kwanza zipige picha kwa simu zikiwa ndani ya kopo au albamu kwa mpangilio ule ule uliozikuta. Picha kumi zilizokaa pamoja kwenye bahasha moja pengine zilitoka kwenye mkanda mmoja, na ukijua tarehe ya moja umezikaribia zote. Mimi niliuvuruga mpangilio jioni ya kwanza, kwa furaha. Ilinichukua wiki kurudisha sehemu tu, kwa kulinganisha kingo za karatasi.

Kama picha zimo kwenye zile albamu za kurasa za gundi zilizoenea miaka ya 1970 na 1980, tulia. Usivute. Niliwahi kuona mtu akipendekeza draya ya nywele ilainishe gundi, nikajaribu. Jahazi lilitoka salama, mawingu yakabaki kwenye albamu. Skani ukurasa mzima picha ikiwa humo humo. Ukilazimika kuitoa, pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake, polepole, kama unayekata sabuni ya mche. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu ibaki kwenye kioo, iskani hivyo hivyo.

Yenye ukungu itenge kwenye bahasha ya karatasi, vaa barakoa, ianike kivulini penye upepo mpaka ukungu ugeuke vumbi, kisha iguse kwa brashi laini sana. Ukiipangusa ikiwa mbichi utaupaka ukungu picha nzima. Tena usitumie kitambaa chenye maji, hata kwa picha inayoonekana chafu tu.

Geuza nyuma kabla ya kutazama mbele

Mgongo wa picha husema mengi kwa haraka. Muhuri wa studio unaonyesha picha ilisafishwa wapi, na wala si kwamba studio ndiyo iliyoipiga. Hili huwachanganya wengi. Ukikuta jina kama C. Vincenti, Dar-es-Salaam, limechapwa kwenye kadi, hiyo ni kazi ya mfanyabiashara wa picha wa enzi za Wajerumani, haimo kwenye kundi la ridhaa.

Kisha pima kwa rula. Kamera ya Brownie iliyotoka mwaka 1900 ndiyo iliyompa mtu wa kawaida uwezo wa kupiga picha, na filamu ya namba 120 ilifuata 1901. Picha ndogo ya sentimita 6 kwa 9 hivi, yenye ukingo mweupe, mara nyingi imechapwa moja kwa moja kutoka negativu ya ukubwa huo. Ndogo zaidi, kama sentimita 4 kwa 6 na nusu, inaashiria filamu ya 127, ya kamera ndogo ya mfukoni iliyoanza kuuzwa 1912. Askari wengi wa Vita Kuu ya Kwanza walibeba kamera ya namna hiyo. Waingereza waliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, na bandarini kulikuwa na mabaki ya meli zilizozama, Tabora ikiwemo. Kwa hiyo picha ndogo ya meli iliyolala ubavu, iliyofifia na kuwa ya kahawia, usiiweke kando kwa sababu tu haieleweki.

Kingo zilizokatwa kama meno ya msumeno zilikuwa fasheni kuanzia miaka ya 1930 hadi 1960 hivi. Picha ya mraba ya rangi inaelekeza kwenye kamera za kaseti zilizotoka 1963. Karatasi inayoteleza kama plastiki, isiyojikunja kwa unyevu, ni ya mwishoni mwa miaka ya 1960 kuja huku. Rangi zikiwa zimegeuka zote kuwa wekundu, bahari imekuwa kama sharubati ya ukwaju, hiyo ni rangi ya kemikali iliyochoka. Usimruhusu mtu airekebishe kabla hujahifadhi nakala ilivyo.

Lakini karatasi inakupa tarehe ya karatasi tu. Negativu ya 1949 inaweza kusafishwa tena 1965 kwa ajili ya mjukuu. Andika "karatasi ya miaka ya 1960", usiandike "picha ya miaka ya 1960".

Kusoma mji nyuma ya maji

Picha nyingi za bandari ya Dar zimepigwa kutoka majini au ng'ambo ya Kigamboni, zikitazama mji. Jifunze mstari huo mpaka uweze kuuchora bila kutazama. Ukiwa majini na mji uko mbele yako, lango la bahari liko kuliani. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu liko kushoto, la Kilutheri la Azania Front liko kulia kwake, halafu Kivukoni inaendelea hadi Magogoni kwenye pantoni na soko la samaki. Makanisa hayo mawili yalijengwa kuanzia miaka ya mwisho ya 1890, yakakamilika mwanzoni mwa karne ya 20. Picha ya mji bila minara hiyo, kama eneo lenyewe limeonekana kweli, ni ya zamani mno. Usitoke mbio, kwanza hakikisha haijafichwa na mlingoti.

Hoteli ya Kilimanjaro ilifunguliwa 1965, na kwa miaka mingi ndiyo iliyotawala ufukwe ule. Kivukoni isiyo na jengo hilo refu la mstatili, na pembe ya kamera ikiwa sahihi, ni ya kabla ya hapo. Ikiwepo peke yake, bila minara ya vioo nyuma yake, uko katika miongo iliyofuata. Upande wa magati: yale ya kwanza ya kina kirefu yalikamilika 1956. Kabla ya hapo meli kubwa zilitia nanga katikati na mizigo ikaletwa nchi kavu kwa matishari. Hata hivyo matishari hayakutoweka siku gati lilipofunguliwa, kwa hiyo tishari peke yake haikupi mwaka. Meli kubwa iliyojibana gatini ndiyo inayokupa.

Kwenye ufukwe wa nje, tafuta madaraja. La Selander lilijengwa 1929. La Tanzanite lilifunguliwa Machi 2022, na likionekana huna haja ya mwongozo huu.

Bendera usiipite hata ikiwa ndogo kama kidole cha mbu. Ya Tanganyika huru ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, nayo ina mistari ya kulala. Ya Tanzania, ya 1964, ina mkanda wa mshazari. Hata kwenye picha nyeusi na nyeupe mshazari unaonekana.

Na majina yaliyoandikwa kwa kalamu: "Acacia Avenue" ni barabara ile ile iliyoitwa Independence baada ya uhuru, na ambayo leo ni Samora. Ocean Road imekuwa Barabara ya Barack Obama tangu 2013. Kanisa la Azania Front, kwa upande wake, limebaki na jina la ufukwe wa zamani wakati ufukwe wenyewe umekuwa Kivukoni. Jina la kale linakuambia maelezo yaliandikwa na mtu wa enzi ipi, ingawa wazee wetu wengine wanasema Independence mpaka kesho.

Kusoma maji, upepo na kivuli

Hapa ndipo watu wa makumbusho za mbali hutushindwa, na hapa ndipo mvuvi wa Kunduchi asiyejua kusoma anamzidi mwenye shahada.

Anza na kivuli. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba, jua la saa sita mchana linakuwa upande wa kaskazini na vivuli vinaangukia kusini. Miezi iliyobaki ni kinyume chake. Kivukoni inatazama maji yaliyo kusini yake. Kwa hiyo ukiona vivuli vifupi vya mchana vikiangukia upande wa maji, uko kati ya Machi na Oktoba. Vikiangukia mjini, uko kati ya Oktoba na Machi. Kwa kitu kimoja umekata mwaka vipande viwili.

Halafu maji. Bamvua ya Dar, yaani siku za maji makubwa, ina saa zake. Mwezi ukiwa mpevu au mchanga, maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kina mama wanaokwenda kuokota chaza na pweza wanajua hilo bila kalenda. Maji mafu, siku za maji madogo, hufanya kinyume: hupwa alasiri, lakini hayaendi mbali. Kwa hiyo ufukwe ulioachwa wazi kabisa, mchana, ni wa bamvua na ni wa asubuhi. Ukishajua saa, vivuli vinakupa dira, na ukiwa na dira unajua kamera ilitazama wapi.

Katika kopo la baba mkubwa kulikuwa na picha iliyonisumbua mwezi mzima. Majahazi mawili yamekaa mchangani yameegemezwa kwa magogo, nyuma yake ukingo wa udongo na miti. Hakuna jengo. Vivuli vinaelekea kulia. Kama imepigwa Kivukoni kutoka majini, kulia ni mashariki, basi jua liko magharibi, ni kama saa tisa alasiri. Lakini maji yako mbali sana, na saa tisa ya bamvua maji yanakaribia kujaa. Vitu viwili visivyokubaliana. Nikaichukua lenzi, nikatazama tezi, yaani sehemu ya nyuma, ya jahazi la pili: palikuwa na herufi, na zilikuwa zimegeuka. Picha ilisafishwa kinyume, negativu imewekwa upande usio wake. Ukiigeuza, vivuli vinakwenda magharibi, ni asubuhi, maji yamekupwa, kila kitu kinakaa mahali pake. Nilicheka peke yangu saa sita usiku.

Tangu hapo picha yoyote isiyo na maandishi naigeuza kwenye kompyuta na kuitazama mara mbili. Kama una negativu, upande usiong'aa ndio wenye picha, na huo ndio unaoelekea karatasi wakati wa kusafisha.

Upepo nao. Moshi, bendera, tanga lililojaa, makuti ya mnazi yaliyopinda, vyote vinakuambia kama ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, au kusi, wa kutoka kusini. Vyombo kutoka Uarabuni na Ghuba vilishuka na kaskazi, kati ya Desemba na Machi, vikarudi na kusi kuanzia Aprili. Bandari iliyojaa majahazi ya kigeni yaliyotia nanga inakuelekeza kwenye miezi hiyo ya mwanzo wa mwaka, na kwenye miongo ya kabla ya 1970, maana kufikia hapo biashara ile ilikuwa imefifia sana.

Vyombo

Kwa mtu wa bara kila chenye tanga ni jahazi. Usifanye hivyo kwenye maelezo ya picha. Ngalawa ina mbao mbili za kuelea ubavuni, huwezi kuikosea. Mashua ina tezi iliyokatwa wima. Bumu, la Ghuba, limechongoka mbele na nyuma, na mbele limetoa mti mrefu ulionyooka kama mkuki. Kotia la Kihindi lina tezi pana iliyonakshiwa. Jahazi la Lamu lina omo, yaani sehemu ya mbele, iliyosimama karibu wima. Ukikosa uhakika, andika unachokiona: "chombo cha tanga moja, tezi bapa". Atakayekuja baada yako ataweka jina. Ukiweka jina lisilo sahihi, litanukuliwa miaka thelathini.

Kumuuliza mzee

Usiende na picha halisi ufukweni. Chapisha nakala kubwa, ukubwa wa karatasi ya A4, uziweke kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu mikono ya samaki ni mikono ya samaki.

Nenda asubuhi baada ya mnada kupoa, au alasiri wanaposuka nyavu. Salimia watu wote, si yule tu unayemtaka. Kisha kaa. Swali baya kuliko yote ni "Mzee, hii ni mwaka gani?" Atakutajia mwaka ili akuridhishe, nawe utauandika kama ushahidi. Uliza kinachoonekana.

Mzee mmoja Magogoni nilimpa ile ya majahazi mawili, nikiwa nimeshaigeuza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leta." Akaishika mbali na macho. "Hiki cha mbele si cha hapa."

"Umekijuaje, mzee?"

"Angalia omo yake. Hiki ni cha Lamu. Kimeletwa na boriti." Akaonyesha kwa ukucha rundo la fito ambalo mimi nililichukulia kuwa ukuta. "Na hapa ni kabla hawajajaza kifusi. Sisi tulikuwa tunaoga hapa, maji yakipwa unakwenda mpaka kule."

Mwaka hakunitajia. Alinipa asili ya chombo, shehena yake, na umbo la ufukwe uliokwisha kufukiwa. Nilirekodi sauti kwa ruhusa yake na kuandika jina lake, tarehe ya mazungumzo, na mahali. Uliza pia kama anataka jina lake litajwe. Wengine hawataki, na hiyo ni haki yao.

Kuandika umejuaje

Kama utaruka kila kitu kingine, usiruke hapa. Kwa kila picha nina mistari mitatu: naona, nimeambiwa, nakisia. "Naona: majahazi mawili yamepwelewa, rundo la fito, vivuli kuelekea magharibi. Nimeambiwa: la mbele ni la Lamu, limebeba boriti, alisema mvuvi wa Magogoni. Nakisia: Kivukoni, asubuhi ya bamvua, miaka ya 1950, kwa kuwa picha za bahasha ile ile zina karatasi ya namna moja." Msomaji wa baadaye anaweza kuivunja dhana yangu bila kuiharibu picha. Maelezo yanayosema tu "Bandari ya Dar es Salaam, 1955" hayavunjiki wala hayaaminiki.

Nyuma ya picha ya karatasi andika namba tu, kwa penseli laini ya 2B, ukingoni, juu ya kioo au kitu kigumu, bila kukandamiza. Kalamu ya wino hupenya, na kwenye karatasi ya plastiki haikauki, huchapa kwenye picha iliyo juu yake. Maelezo marefu yawe kwenye daftari na kwenye kompyuta, kwa namba ile ile.

Kuskani

Picha ya karatasi ya ukubwa wa kawaida: nukta 600 kwa inchi. Zile ndogo za sentimita 6 kwa 9: 1200, kwa sababu bendera na herufi za tezini zimo humo. Negativu ya milimita 35: 2400 hadi 3200. Skani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, kwa kuwa ukahawia wa karatasi nao ni taarifa. Hifadhi kwa TIFF, faili kubwa lisilopoteza kitu, kisha utoe JPEG, faili dogo la kutumiana. Nyuma nayo iskani, hata ikiwa tupu.

Zima kila kinachojisahihisha chenyewe. Niliwahi kupeleka picha kumi na mbili kwa fundi mmoja mjini, akanirudishia zimeng'aa kama za pasipoti. Kwenye mojawapo alikuwa amefuta "uchafu" angani. Uchafu ule ulikuwa moshi wa meli. Ulikuwa ndio ushahidi pekee wa upepo, yaani wa msimu. Bahati nzuri picha halisi nilikuwa nayo.

Huna skena, simu inatosha kwa kuanzia: kando ya dirisha lisilopigwa jua moja kwa moja, flashi imezimwa, simu sambamba na meza, na kipande cha kioo safi juu ya picha iliyojikunja. Zima pia kile kipengele cha kurembesha, hakijui ukungu wa asubuhi ni nini.

Weka nakala tatu, mbili kwenye vifaa tofauti na moja nje ya nyumba. Mvua za masika zikiingia sebuleni haziulizi diski ni ipi.

Kuzitunza katika joto letu

Adui ni unyevu. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu, ukungu unaota, na Dar hiyo ni hali ya kawaida. Kwa hiyo kopo lisikae jikoni, lisigusane na ukuta wa nje, wala sakafuni chini ya kitanda. Rafu ya katikati ya kabati, ukuta wa ndani, ndipo pazuri. Bahasha za karatasi isiyo na asidi ndizo bora. Ukizikosa, karatasi nyeupe safi ni bora kuliko nailoni laini inayonuka. Usilaminate kamwe. Solotepu, klipu za chuma na mipira ya kufungia noti viondoe. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya vinasaidia ukivibadilisha, vikishashiba unyevu vinakuwa mapambo. Dawa ya nondo isiguse picha.

Negativu zinazonuka siki zimeanza kuoza, zitenge na nyingine leo leo. Na ukikuta negativu za kabla ya miaka ya 1950 zenye neno "Nitrate" ukingoni, hizo zinashika moto kwa urahisi. Usiziache garini juani, usizibebe chini ya siti ya bajaji mchana. Piga simu makumbusho kwanza, wakuelekeze kabla hujazihamisha.

Kurudi pale pale

Pwani yetu inasogea. Kule Kunduchi bahari ilikula ufukwe mpaka hoteli ya Africana ikaondoka, na leo jina limebaki kwenye kituo cha daladala. Picha ya zamani ya karani, ikilinganishwa na ya leo kutoka mahali pale pale, inapima mmomonyoko.

Kupata mahali penyewe, tafuta kwenye picha vitu viwili vilivyopangana, kimoja mbele kimoja nyuma: pembe ya jengo na mnara, mwamba na kisiwa. Tembea kushoto na kulia mpaka vipangane vile vile mbele ya macho yako. Kisha jozi nyingine upande wa pili wa picha. Jozi mbili zikikaa sawa, umesimama kwenye nyayo za mpiga picha. Halafu subiri maji: angalia jedwali la kupwa na kujaa, uje siku ambayo maji yako kimo kile kile. Kwenye bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hapa inazidi mita 3, kwa hiyo ufukwe uliopigwa maji yakiwa yamejaa utaonekana "umeliwa" hata kama haujaguswa. Rudi msimu ule ule, maana kusi na kaskazi huhamisha mchanga kila mwaka.

Jambo moja ulichukulie kwa uzito: huwezi kunyoosha kamera popote unapotaka. Bandari, maeneo ya jeshi na jirani ya Ikulu pale Magogoni si pa kupigia picha bila ruhusa, na hata kwenye pantoni waulize wahusika kwanza. Omba kibali kwa barua, ueleze picha ya zamani na uambatanishe nakala. "Nilikuwa napiga kanisa tu" si maelezo utakayopenda kuyatoa mara tatu kwa watu watatu.

Kuipeleka makumbusho

Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ilifunguliwa 1940, ikiitwa kwa jina la mfalme wa Uingereza. Usiende na kopo kwapani. Andika barua: picha ngapi, za nani, za wapi, za miaka gani kwa kukisia, zina hali gani, na unataka nini. Uamuzi mkubwa ni mmoja, na ufanyeni familia nzima kabla ya barua kutoka: mnatoa picha moja kwa moja, au mnaruhusu zinakiliwe na halisi zirudi nyumbani? Vyote ni halali. Kisicho halali ni kutoa leo na kudai kesho kwa sababu shangazi hakuulizwa.

Dai hati ya makabidhiano yenye idadi na namba za picha, jina la mpiga picha, na masharti ya matumizi. Kuhusu hakimiliki, aliyekuwa na kopo si lazima awe mwenye haki. Ulizeni Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, kabla ya kusaini chochote kinachohusu kuchapisha au kuuza. Pamoja na picha peleka nakala ya daftari lako. Picha bila ile mistari mitatu itarudi kuwa maji matupu.

Ukiwa unalinganisha, tafuta pia makusanyo yaliyoko nje. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt ina picha nyingi za enzi ya Wajerumani zinazotazamika kwenye intaneti, na Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyiko wa picha za zamani za Afrika Mashariki unaoitwa Winterton. Tafuta kwa tahajia za kale: "Daressalam" kwa neno moja, pamoja na "Hafen", yaani bandari kwa Kijerumani. Utapata vitu ambavyo "Dar es Salaam" haikuletei.

Sisi tulikubaliana kunakiliwa. Kopo limerudi kabatini, rafu ya katikati, na binamu yangu ameomba achapishiwe ile ya matishari. Nakala ya majahazi mawili nilimpelekea mzee wa Magogoni, nimeiweka kwenye bahasha nzuri ya karatasi. Aliitoa mbele yangu, akakata solotepu kwa meno, akaibandika kwenye mlango wa friza la samaki.

"Hapa kila mtu ataiona," akasema.

Niliporudi mwezi uliofuata, nyuma ya bega la mteja mmoja, kijana wa kubeba makasha alikuwa ameweka kidole kwenye lile rundo la fito, anawaeleza wenzake kuhusu boriti za Lamu.